Mshumaa Juu ya Tairi Kuukuu

Umeme ulikatika Muheza baada ya Isha, nami na mama tukachukua mkeka tukaenda kupunga upepo katika ua wa nyuma. Mbalamwezi haikuwapo. Kulikuwa na nyota, na vyura waliokuwa wakiitana bondeni, na harufu ambayo sikuijua. Nilidhani ni asumini ya jirani. Mama akasema hapana, asumini haina uzito huo. Akanyanyua mkongojo wake akaelekeza kwenye nguzo. Juu ya nguzo, katikati ya giza, palikuwa na kitu cheupe, kikubwa kuliko kiganja changu nikikikunjua, kinafunguka polepole mno hata jicho haliwezi kukifumania kikisogea. Ukikitazama, kimetulia. Ukigeuka kumjibu mtu neno moja, ukirudi, kimekwisha kuongezeka. "Usiliguse," mama alisema. "Liache limalize kazi yake."

Nguzo yenyewe ni ya zege, inanizidi kimo kwa shibiri, na kichwani imevikwa tairi kuukuu la bodaboda lililokalia vipande viwili vya nondo vilivyopishana. Miguuni pake, miaka mitatu iliyopita, kijana wa jirani alichomeka vipando vinne alivyotoka navyo kwenye shamba alilokuwa akifanyia kibarua. Alisema ni pitaya. Sokoni wengine huliita tunda la joka, na ukiutazama mmea huu ukipanda nguzo hutauliza jina hilo lilitoka wapi. Shina lake ni kijani, lina pande tatu, na kila pembe imejikunja kama wimbi dogo linalofuata wimbi dogo. Halina majani. Kazi yote ya majani inafanywa na ngozi ya shina lenyewe. Miiba yake ni mifupi, miwili au mitatu kwenye kila kituo, haina ukali wa kumtisha mbuzi mwenye njaa. Kutoka ubavuni hutoka mizizi isiyoijua ardhi, mizizi ya hewani, iliyojibandika kwenye zege kama vidole vya mtoto kwenye kanga ya mama yake. Kwa njia hiyo mmea hupanda, pingili juu ya pingili, mpaka ukafika kwenye tairi, ukapita katikati ya tundu lake, ukamwagika kuelekea chini pande zote.

Na hapo ndipo unapotoa maua. Wakulima wanalijua hili vizuri, na ndiyo sababu hukata machipukizi ya pembeni wakati mmea ungali unapanda, kisha wakaikata ncha ikishafika juu, ili matawi yaning'inie. Tawi linalopanda halina muda wa kuchanua. Linalochanua ni lile lililokwisha kufika na kuinama, kama mpunga unavyoinamisha kichwa ukishajaa punje. Nimewahi kuona mashamba ya nguzo hizi yamepangwa mistari mirefu, kila nguzo na tairi lake, na kwa mbali yanafanana na watu waliosimama wakiwa na nywele za kijani zilizowafunika nyuso. Katika ua wetu ipo moja tu. Imesimama kati ya mwembe na karo la kufulia.

Nimekuwa nikilifikiria neno ua. Kiswahili kimelipa jina moja lile la kunuswa na ule wa kuzungushia nyumba, kisha kikaiachia sarufi kazi ya kutenganisha: ua la, ua wa. Huenda ni sauti tu zimegongana. Lakini usiku ule nilikuwa nimekaa katika ua nikilitazama ua, na nikaona jinsi yale mawili yanavyohifadhi kitu kimoja. Uani ni upande wa nyumba ambao mgeni wa barazani haufikii. Ni huko nywele zinakosukwa, mchele unakopetwa, siri zinakosemwa na machozi yanakofutwa. Barazani mtu huonyesha. Uani mtu huishi. Na mmea huu, ambao mchana kutwa unaonekana kama fundo la kamba zilizotupwa juu ya nguzo, umeuweka uzuri wake wote upande wa nyuma wa siku, saa ambayo mlango wa mbele umekwisha kukomelewa.

Kufikia saa nne ua lilikuwa limefunguka lote. Mama alitaka kuliona kwa karibu, nikamsaidia kusimama. Hunishika bega sasa. Mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine kwangu, na kabla hajainuka hutulia kidogo kama mtu anayekumbuka neno. Nilimulika kwa tochi ya simu, mwanga nikiuelekeza chini ili usilikere. Lilikuwa na urefu wa karibu shibiri moja na nusu kutoka shingo mpaka mdomo. Petali za nje zilikuwa nyembamba, za kijani chenye manjano, zimepinda nyuma kama pindo la pazia. Za ndani zilikuwa pana na nyeupe kama kanzu mpya ya Idi. Ndani yake stameni mamia kwa mamia zilijipanga duara, kila moja na kichwa chenye chavua ya rangi ya malai, na katikati yao ilichomoza stigma iliyogawanyika kama nyota yenye miale mingi. Alfajiri likishapigwa na jua, vyote hivyo hulegea na kuning'inia. Usiku mmoja. Chipukizi hujiandaa kwa wiki kadhaa, na mlango hufunguliwa mara moja tu.

Mmea huu ni wa usiku kwa undani zaidi ya ua lake. Mimea mingi tunayoijua huvuta hewa ya ukaa mchana, jua likiwaka, kupitia vitundu vidogo vya ngozi viitwavyo stomata. Lakini kila kitundu kinachofunguliwa kuingiza hewa hutoa maji pia, na katika joto kali mmea hulipa gharama kubwa kwa kila pumzi. Jamii ya pitaya iligundua njia yake. Mchana huvifunga vitundu, hukaa kimya, hubana pumzi. Usiku hewa ikipoa na unyevu ukirudi, huvifungua, huvuta hewa ya ukaa, na huihifadhi ndani ya chembe zake kama asidi. Kukicha hufunga tena, na mwanga wa jua ukija, huichukua ile akiba ya usiku na kutengeneza chakula. Mapema katika karne ya 19, Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akiishi India, alitafuna majani ya mmea mmoja wa bustanini kwake wenye tabia hiyo, akaona asubuhi ni makali kama limau, adhuhuri hayana ladha, jioni yanaelekea kuwa machungu. Aliandika barua kueleza alichoonja, nayo ikachapishwa mwaka 1815. Ilipita zaidi ya karne moja kabla sayansi haijaweza kueleza sawasawa kilichokuwa kikitokea. Napenda kwamba jambo lile lilianza kwa mtu aliyeonja jani moja mara tatu kwa siku na kuamini ulimi wake.

Nanasi hufanya hivyo hivyo. Mkonge hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo sisi wa Muheza tumelala miaka yote hii katikati ya mimea inayovuta pumzi wakati wa giza, mashamba kwa mashamba, na hatukuisikia. Nikiwa mtoto niliambiwa usiku ni wa bundi na wachawi, na kwamba mtu mwema hujifungia ndani. Hakuna aliyeniambia kwamba nje, wakati huo huo, kuna viumbe vinavyofungua vinywa vyao vidogo maelfu kwa maelfu na kuweka akiba ya mchana wa kesho.

Lakini linalonishughulisha kuliko yote ni kuegemea kwake. Pitaya peke yake haiwezi kusimama. Itandaze chini, itatambaa na kuoza mahali palipotuama maji. Ipe mti, jabali, ukuta, nguzo ya zege yenye tairi, nayo itafika urefu wa mita kadhaa. Huko kwao, katika misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, hupanda miti hai. Mizizi yake ya hewani hushika gome na kunywa umande na mvua inayochuruzika, na huokota vumbi na majani yaliyooza kwenye panda za matawi. Haitoboi mwili wa mwenyeji wake. Kuna mimea inayotia mizizi ndani ya tawi la mwenzake na kumfyonza. Kuna aina za mkuyu zinazoanza maisha kama mche mdogo juu ya mti mkubwa, uliodondoshwa na ndege, kisha mizizi ikashuka, ikanenepa, ikamkumbatia mwenyeji mpaka akafa amesimama. Pitaya haimo katika kundi hilo. Inachoomba ni mgongo tu. Hata hivyo mgongo nao una uchovu: mti mwembamba ukiachiwa mzigo wa pitaya ya miaka mingi hupinda na kuvunjika, na ndiyo maana mkulima hupogoa kila msimu. Kuegemea kuna uzito wake, na anayeegemewa anaujua.

Tumelelewa kwa maneno ya kusimama. Simama wima, jitegemee, usiwe mzigo. Kujitegemea lilikuwa neno la taifa zima. Limo katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mama yangu alikuwa mwanamke kijana wakati ule, akiimba na wenzake huku wakipalilia shamba la kijiji. Aliliamini neno hilo kwa mikono yake. Alilea watoto sita, akazika wawili, akajenga nyumba hii kwa pesa za machungwa. Sasa magoti yamemwambia basi, na naona jinsi anavyoona haya kila anapolitafuta bega langu, jinsi anavyolitafutia kisingizio: utelezi, giza, mkeka. Lakini neno lile la zamani, nikilisikiliza vizuri, halikuwahi kuwa la mtu mmoja. Aliyejitegemea alikuwa kijiji, alikuwa taifa, na ndani yake watu walikuwa wameegemeana kama fito za ukuta wa udongo. Mama hakusimama peke yake hata siku moja. Kulikuwa na shangazi zake, kulikuwa na majirani waliomnyonyeshea mtoto alipougua, kulikuwa na muuza duka aliyemwandikia deni daftarini na kusubiri msimu. Nguzo zilikuwapo. Zilikuwa nyingi, zimemzunguka, ndiyo maana hazikuonekana.

Wataalamu wameupa mmea huu majina, wakayabadilisha, kisha wakayabadilisha tena. Mwaka 1830 Mwingereza Adrian Haworth aliuita Cereus undatus. Cereus ni neno la Kilatini la mshumaa wa nta, kwa sababu mengi ya makakati, ukoo wa mimea ambamo pitaya imo, husimama wima kama mishumaa. Undatus ni wenye mawimbi, kwa ajili ya zile pembe zilizojikunja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani Britton na Rose wakauhamishia kwenye jenasi ya Hylocereus, yaani mshumaa wa msituni. Mwaka 2017, baada ya uchunguzi wa vinasaba kuonyesha undugu ambao macho hayakuuona, ukaingizwa kwa ndugu zake wa Selenicereus. Selene kwa Wagiriki wa kale ni mwezi. Mshumaa wa mwezi, basi. Vietnam, ambako Wafaransa waliupeleka katika karne ya 19, watu wanaliita tunda lake thanh long, joka la kijani. Joka la huko ni kiumbe cha heri, hukaa mawinguni na kuleta mvua. Joka letu ni nyoka aliyekua kupita kiasi, wa hadithi za kutisha watoto, anayelinda kisima na kudai binti wa mfalme. Jina limesafiri na kubadilika sura njiani. Mama haliiti lolote kati ya hayo. Yeye husema "kile kimti changu," ingawa si mti.

Muheza inajua mimea inayosafiri. Mkonge, uliotufanya tuwe watu wa mkonge, ulitoka upande ule ule wa dunia: Yucatán, Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilipofika Tanga baada ya safari ya meli kupitia Hamburg, vilivyokuwa hai vilikuwa 62. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hivyo 62 yalitoka mashamba yaliyofika mpaka upeo wa macho, reli, makambi, na makovu ya miiba kwenye miguu ya wanaume. Babu yangu, baba yake mama, aliletwa kutoka Kigoma akiwa kijana kuja kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Siku za kazi zilihesabiwa kwenye kipande, na mtu aliyechelewa kumaliza kipande chake alichelewa pia kula. Babu hakurudi Kigoma. Alizikwa hapa, na mpaka anakufa Kiswahili chake kilikuwa na mlio wa Kiha ambao sisi wajukuu tuliuigiza tukidhani ni mchezo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuusema kwa wageni wa nyumbani wanaojisahau, lakini hapa kwetu wapo waliopewa jembe siku ya kwanza, kabla hawajapewa maji. Mimea nayo iko hivyo. Muhogo, mahindi, papai, pilipili, korosho, nanasi: vyote vilivuka bahari kutoka Amerika, na leo ukimwambia mtu wa Muheza kwamba muhogo ni mgeni atakuangalia kama uliyemtukania bibi yake. Ni miaka mingapi hupita kabla mgeni hajawa mwenyeji? Mmea hauulizwi kabila. Unashika, au haushiki.

Tena kuna jambo moja ambalo kila nikilikumbuka hunipa faraja. Kwa asili, makakati yote ya dunia huota Amerika tu, isipokuwa moja. Katika misitu ya mvua ya Afrika, ikiwemo ya milima yetu ya mashariki, kuna mmea mdogo uitwao Rhipsalis baccifera. Hauna miiba ya kutajika. Unaning'inia kwenye matawi ya miti mikubwa kama nyuzi za kijani zilizolegea, na hutoa vitunda vidogo vyeupe vinavyopenyeza mwanga, kama shanga. Ni kakati halisi, ndugu wa damu wa pitaya, na alikuwa huku kabla Hindorf hajazaliwa. Wengi wanaamini mababu zake waliletwa na ndege, mbegu zao zenye unato zikiwa tumboni au zimeganda manyoyani. Mnyaa, ambao tunazungushia maboma na ambao utomvu wake mweupe hupofusha macho, unafanana na kakati kuliko huyu; mgeni angeapa kwamba mnyaa ndiye jamaa. Lakini ukoo wa mnyaa ni mwingine kabisa. Ukame tu umewafinyanga wakafanana, kama wazee wawili wasiojuana ambao jua la shambani limewapa nyuso zilezile. Na yule ndugu wa kweli yuko kimya juu ya mti huko milimani, hafanani na mtu, hatafutwi na mtu. Kwa hiyo kile kipando alichokichomeka kijana wa jirani hakikuja mahali pasipo na jamaa. Kilomita chache kutoka kwenye karo letu, kuna mtu wa kwao.

Huko Vietnam, katika eneo la Bình Thuận, usiku wa miezi ya siku fupi mashamba ya pitaya huwashwa taa, maelfu ya balbu zikining'inia juu ya mistari ya nguzo, mpaka bonde zima linang'aa kama mji. Mmea huu huhesabu giza. Usiku ukiwa mrefu hukataa kuchanua. Ukiwa mfupi hukubali. Mkulima akikatiza usiku kwa saa kadhaa za mwanga, mmea hudhani msimu umefika, na maua huja wakati ambao bei ni nzuri. Nimeziona picha hizo na siwezi kukana kwamba zinapendeza. Siwezi pia kukana kwamba zinanitia huzuni kidogo, kwamba hata hesabu hii ya ndani kabisa, hesabu ya urefu wa giza, imepatikana na kughushiwa. Lakini mimi si mkulima wa Bình Thuận mwenye ada za shule za kulipa, na huzuni yangu haimlishi mtu. Kwetu hapa, nyuzi chache kusini mwa ikweta, usiku mrefu na mfupi wa mwaka hutofautiana kwa kama nusu saa tu. Mmea wa mama huangalia zaidi mvua na joto. Na usiku ule, umeme ukiwa umekatika, giza lake lilikuwa kamili.

Ua jeupe, lenye harufu nzito, linalofunguka usiku, ni barua iliyoandikwa kwa mtu maalumu. Huko kwao wapokeaji ni popo wanaokunywa asali ya maua kwa ulimi mrefu, na nondo wakubwa wanaoelea mbele ya ua bila kutua. Nondo: hapo tena Kiswahili kimenisimamisha. Tairi limekalia nondo za chuma, na ua linamngoja nondo wa mabawa, neno moja chini na juu ya mmea mmoja, la kulibeba na la kulitembelea. Popo wa Meksiko hawako Muheza. Nondo wetu wanaweza kuja au wasije. Asubuhi na mapema nyuki huwahi kuja kabla ua halijafumba, nao husaidia. Mmea huu wa nyama nyeupe mara nyingi huweza kujichavusha wenyewe, lakini aina nyingi za nyama nyekundu hukataa chavua yao. Ni lazima ije ya mwingine. Kwa hiyo duniani kote, katika mashamba ya pitaya, watu huamka usiku na brashi ndogo kufanya kazi ya popo.

Nikamkumbuka Edmond Albius. Vanila nayo ni mmea unaopanda na kuegemea, nayo ni ya Meksiko, nayo ililetwa kwenye visiwa vya bahari yetu na kukaa miaka ikichanua bila kuzaa, kwa sababu mdudu wake alibaki nyumbani. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond, mtoto wa miaka 12, aliyezaliwa mtumwa, alionyesha jinsi ya kuinua utando mdogo ndani ya ua kwa kijiti na kusukuma chavua kwa kidole gumba. Karibu vanila yote ya dunia, hata ile inayolimwa Kagera na Uganda, bado hutiwa mimba kwa mwendo ule wa kidole. Watu walitajirika. Edmond alikufa maskini mwaka 1880. Kila ninaponusa vanila katika keki ya sikukuu nahisi kwamba kuna mkono mdogo umenyooshwa hapo, na hakuna aliyeushika.

Mama alikuwa na brashi. Sikujua. Aliitoa katika pindo la khanga, brashi ya rangi ya mjukuu wake, akanipa. "Zungusha pale penye unga, kisha paka pale katikati," aliniambia, "taratibu, kama unampaka mtoto dawa ya macho." Mkono wangu ulitetemeka. Chavua ilinata kwenye nywele za brashi, nikaipeleka kwenye ile nyota ya katikati, ikapokelewa. Mama alikuwa amelishika bega langu wakati wote huo, na kwa mara ya kwanza sikujua ni nani kati yetu anayemshikilia mwenzake.

Kutoka usiku huo ni takriban mwezi mmoja mpaka tunda kuiva. Shingo ya ua huvimba, magamba ya kijani hubaki yamesimama kama ndimi za moto mdogo, kisha siku moja ngozi hugeuka waridi kali isiyo na kifani sokoni. Nyama yake ni nyeupe, imetapakaa mbegu nyeusi ndogo kama ufuta. Wako wanaolionja na kukata tamaa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, husema, kwa kuwa walitegemea ladha ipige kelele kama rangi. Nadhani wengi wao walikula lililochumwa bichi likasafirishwa. Ndizi na embe huendelea kuiva zikishakatwa. Pitaya haiongezi utamu hata kidogo baada ya kutengwa na shina. Ilichokuwa nacho saa ya kukatwa ndicho utakachokula. Mvumilivu hula mbivu, na katika tunda hili hakuna mlango wa pili. Lililoivia juu ya tairi, likachumwa asubuhi lingali na ubaridi wa usiku, lina utamu wa chini chini, wa maji, kama wa mtu anayezungumza kwa sauti ndogo akijua kwamba unamsikiliza.

Asubuhi ua lilikuwa limelala ubavuni mwa tawi, limelowa, rangi yake imeingia manjano. Mama alikuwa amekwisha kuamka. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi karibu na karo, na kisu mapajani, na juu ya ukingo wa karo, upande wenye kivuli, alikuwa amepanga vipando vitatu alivyokata kutoka matawi ya chini. Niliuliza kwa nini asivichomeke ardhini mara moja, udongo ungali na unyevu. Akanionyesha mahali kisu kilipopita. Palikuwa pabichi, pakitoa utelezi. "Ukikipanda na kidonda hiki kitaoza," alisema. "Kinalala kivulini wiki nzima, mpaka kidonda kifunge chenyewe. Ndipo unakipa udongo." Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema kwamba baba yake alipofika hapa kutoka Kigoma alipelekwa shambani siku ileile, na kwamba mpaka uzeeni alikuwa akiamka usiku akiita watu ambao yeye, mama, hakuwahi kuwajua.

Aligeuza vile vipando kimoja kimoja, upande uliokatwa uelekee juu, upate hewa. Nikaenda kuchukua sururu. Nguzo ya pili ingehitaji shimo la kina cha goti, na zege, na vipande viwili vya nondo, na tairi. Tairi nilijua nitalipata kwa vijana wa bodaboda pale stendi. Nilipima kwa macho, nikachora alama chini kwa ncha ya sururu. Mama akatikisa kichwa, akaniashiria nisogee upande wa mlango, hatua nne hivi kutoka kizingitini, mahali anapoweza kufika bila kumwita mtu, na ambapo, akishafika, atakuwa na kitu cha kushika.